Bei ya dirisha: mlima, mshahara na pango unapotaka kuhama jimbo Marekani

Kila mwaka shule zikikaribia kufungwa, simu za sisi Waswahili tulioko Marekani hujaa video za watu wanaohama. Mikataba ya nyumba inaisha, watoto wanamaliza madarasa, na kwenye kila kundi la WhatsApp kuna mtu aliyeegesha gari kando ya maji, milima ikiwa na theluji nyuma yake, anauliza sisi wengine tunasubiri nini. Dada mmoja wa Bukavu, tunayesali naye hapa Des Moines, Iowa, alinisikilizisha sauti aliyotumiwa na mdogo wake aliyeko Kent, kusini kidogo ya Seattle: "Dada, huku ni kama kwetu. Maji yapo, milima ipo. Mshahara ni mkubwa, halafu hakuna kodi. Njoo." Akaniuliza kama ni kweli.

Nusu yake ni kweli. Nusu iliyobaki ndiyo inayowarudisha watu Iowa baada ya mwaka mmoja wakiwa na deni la kadi na mizigo nusu, na nimeshawapokea wawili wa namna hiyo. Kwa hiyo nilimwahidi dada yule kwamba nitaandika yote niliyojifunza kwa kuishi majimbo matatu, tangu mwanzo, kwa lugha ambayo hata asiyependa hesabu ataifuata.

Tuanze na neno lenyewe, kwa sababu fujo nyingi zinaanzia hapo. Kiswahili chetu kinabeba mizigo miwili kwa neno moja: kodi ni ile unayomlipa mwenye nyumba, na kodi ni ile inayochukuliwa na serikali. Mtu akisema "Texas hakuna kodi", anayesikia haraka anaelewa kwamba maisha ni nafuu. Kwenye makala hii, ya mwenye nyumba nitaiita pango, na ya serikali nitaiita kodi. Nitasema pia "mshahara wa mkononi", yaani ule unaoingia benki baada ya makato yote, kwa sababu ule wa kwenye tangazo la kazi haujawahi kumlipia mtu umeme.

Neno la tatu ni gharama za maisha. Ofisi ya serikali ya shirikisho inayopima uchumi, BEA, hutoa kila mwaka kipimo cha bei kwa kila jimbo. Wastani wa nchi nzima unawekwa kuwa 100. California iko juu ya 110. Arkansas na Mississippi ziko chini ya 90. Iowa yetu iko jirani na 90, na Washington, aliko yule mdogo mtu, iko juu ya 105. Ukikitazama kipimo hicho ni kama kikapu kimoja cha sokoni: unga, mafuta, sabuni, nauli, chumba cha kulala. Kikapu ni kilekile, muuzaji ndiye anayebadilika. Tofauti kubwa haiko kwenye unga wala sabuni. Iko kwenye nyumba.

Na kwa nini nyumba? Nenda Nungwi, kaskazini ya Unguja, uulize bei kwenye nyumba ya wageni yoyote iliyo ufukweni. Kuna chumba kinachotazama bahari na kuna chumba kinachotazama ukuta wa jirani. Kitanda ni kilekile, chandarua ni kilekile, chai ya asubuhi ni ileile. Bei si moja. Kile unachoongeza si cha kitanda, ni bei ya dirisha. Majimbo ya Marekani yenye milima na bahari ni vyumba vinavyotazama bahari, na mamilioni ya watu wanagombea dirisha lilelile.

Wachumi wamelieleza jambo hili muda mrefu. Sherwin Rosen aliandika juu yake mwaka 1979, na Jennifer Roback akalikamilisha mwaka 1982. Ukiondoa hesabu zao ngumu, wanachosema ni hiki: mahali pazuri panakutoza kwa milango miwili kwa wakati mmoja. Mlango wa kwanza ni pango, kwa sababu kila mtu anataka kukaa hapo. Mlango wa pili ni mshahara, kwa sababu mwajiri anajua watu watakuja tu hata akilipa kidogo. Mlango huu wa pili ndio tusiouona. Wenyeji wa miji ya milimani wanaujua vizuri. Huko Bend, Oregon, wana msemo wao wa siku nyingi kwamba wanaishi kwenye umaskini wenye mandhari. San Diego wanazungumzia kodi ya jua. Si kodi inayokusanywa na ofisi yoyote, ila inalipwa kila mwezi.

Unaweza kujibu kwamba Seattle mishahara ni mikubwa. Ni mikubwa, kwa sababu kuna kampuni kubwa za teknolojia zinazolipa wahandisi wao pesa nyingi. Lakini wahandisi hao wanapanga nyumba kwenye soko lilelile anakopanga msaidizi wa wauguzi. Mshahara wa mhandisi unapandisha pango la wote. Mshahara wa msaidizi wa wauguzi unapanda pia, ila kwa hatua fupi.

Mahali ambapo jambo hili linaonekana bila pazia ni Jackson, Wyoming. Nilipita pale nikiwa dereva wa lori, na sijasahau. Milima ya Teton inasimama wima kutoka bondeni, haina vilima vya utangulizi, kama mtu aliyesimama ghafla mbele yako. Wilaya ile, Teton, ina watu wenye vipato vikubwa kuliko karibu wilaya zote za nchi. Wyoming haikati kodi ya mshahara. Kwa mtu aliyeko mbali, hiyo ni pepo: mlima upo, kodi haipo.

Sasa sikiliza kinachofanyika pale. Asilimia 97 ya ardhi ya wilaya hiyo ni ya umma: hifadhi za taifa, misitu, mbuga ya paa wakubwa. Ndiyo maana pamebaki pazuri. Na ndiyo maana hakuna pa kujenga. Sehemu ndogo iliyobaki inanunuliwa na matajiri kutoka kila upande wa nchi, na anayepika, anayefua mashuka ya hoteli na anayefundisha watoto wao hana pa kulala. Wengi wanaishi ng'ambo ya mlima, jimbo la Idaho, kwenye miji midogo ya Victor na Driggs, na kila asubuhi wanavuka njia ya Teton Pass, yenye kona kali na theluji. Juni 2024 kipande cha barabara hiyo kiliporomoka chote, kikashuka bondeni. Kwa karibu wiki tatu, mpaka njia ya muda ilipojengwa, watu hao walizunguka kwa barabara nyingine, zaidi ya saa moja ya ziada kwenda na nyingine kurudi. Mandhari ileile iliyowavuta ndiyo iliyowafungia njia.

Nimelieleza hili kwa kirefu kwa sababu lina fundisho ambalo video za kando ya ziwa hazionyeshi. Uzuri wa mahali mara nyingi unatokana na kitu kinachozuia nyumba zisijengwe: mlima, bahari, ziwa, hifadhi. Des Moines inaweza kutanuka kuelekea mahindi upande wowote inaotaka. Seattle imebanwa na maji upande mmoja na milima upande mwingine. Ukiona picha ya mji uliobanwa namna hiyo, umeona pango lake kabla hujauliza.

Dirisha lina bili nyingine zinazokuja baadaye, na hizi hutofautiana. Maine, ambako ndugu zetu wengi Wakongo na Waangola waliingia miaka ya karibuni kupitia mji wa Portland, ina pwani nzuri ya mawe na misonobari, na ndilo jimbo linaloongoza nchini kwa sehemu ya nyumba zinazopashwa joto kwa mafuta. Tangi linakaa chini ya nyumba, la kawaida ni la galoni 275. Galoni ikiwa dola 3.50, galoni 100 ni dola 350, na kwenye baridi kali galoni hizo zinaweza zisifike mwisho wa mwezi. Hakuna anayekuandikia bili kidogo kidogo kama umeme. Lori linakuja, linajaza, linadai. Mtu aliyetoka Arizona hajui kwamba inampasa aulize, "Nyumba hii inapashwa joto kwa nini, na nani analipa?"

Hawaii iko mbali na kila kitu. Sehemu kubwa sana ya chakula inaletwa kwa meli, na sheria ya mwaka 1920 inayoitwa Jones Act inataka mizigo inayotoka bandari moja ya Marekani kwenda nyingine ibebwe na meli zilizojengwa Marekani, zenye mabaharia wa Marekani. Nauli ya kontena inaishia kwenye bei ya maziwa.

Kisha bima. Hapa mambo yamebadilika kwa haraka. Misitu tunayoipenda inaungua. Mji wa Paradise, California, uliteketea Novemba 2018 na watu 85 wakafa. Tarehe 30 Desemba 2021 moto wa Marshall uliingia kwenye mitaa ya kawaida kabisa karibu na Boulder, Colorado, ukaangamiza nyumba zaidi ya 1,000 kwa siku moja. Agosti 2023 ilikuwa zamu ya Lahaina, Hawaii. Kampuni za bima zinasoma ramani kuliko sisi, na mwaka 2023 kampuni kubwa kuliko zote za bima ya nyumba California, State Farm, iliacha kuandikisha nyumba mpya. Usiseme "mimi napanga, bima ya nyumba hainihusu". Bima ya mwenye nyumba ikipanda, utaiona kwenye pango la mwaka unaofuata. Na Asheville, kwenye milima ya North Carolina, watu walikuwa wakikimbilia huko wakiamini ni salama dhidi ya hali ya hewa mbaya. Septemba 2024 mabaki ya kimbunga Helene yalileta mafuriko yaliyozoa barabara na mabomba ya maji ya mji mzima.

Sasa turudi kwenye yale yanayosemwa makanisani na kwenye sherehe.

"Hakuna kodi." Majimbo tisa hayakati kodi ya jimbo kwenye mshahara wa mfanyakazi wa kawaida: Alaska, Florida, Nevada, New Hampshire, South Dakota, Tennessee, Texas, Washington na Wyoming. Kodi ya serikali ya shirikisho inabaki palepale, na makato ya pensheni na matibabu ya uzeeni, asilimia 7.65, yanabaki palepale. Jimbo nalo lina barabara za kuondolea theluji na walimu wa kulipa. Lisipochukua kwenye mshahara litachukua pengine. Texas inachukua sana kwenye kodi ya majengo. Tennessee inatoza kodi ya mauzo ya jimbo asilimia 7, wilaya zinaongeza zao hadi kukaribia 10, na hata chakula cha dukani kinatozwa asilimia 4. Ukinunua vitu karibu na Seattle, kodi ya mauzo inapita asilimia 10, ingawa chakula cha kupika hakitozwi.

Fikiri nani anaumia. Mwenye milioni hali ugali mara mia zaidi yako. Mtu wa kipato cha chini hutumia karibu kila senti anayopata, kwa hiyo kodi iliyo kwenye bidhaa inamkamata karibu kila senti. Taasisi moja ya Marekani inayochambua kodi, ITEP, ilitoa orodha Januari 2024 ya majimbo ambayo mfumo wake wa kodi unawalemea maskini kuliko matajiri. Florida ilikuwa ya kwanza, Washington ya pili, Tennessee ya tatu. Yote matatu ni ya "hakuna kodi".

"Kima cha chini ni mara mbili." Kweli, mwaka 2025 kima cha chini Washington kilikuwa dola 16.66 kwa saa, na Iowa bado inafuata kile cha shirikisho, dola 7.25, ambacho hakijaguswa tangu 2009. Lakini nionyeshe mtu wetu hapa Des Moines anayefanya kazi kwa dola 7.25. Ghala, nyumba za wazee, viwanda vya nyama, wote wanalipa zaidi sana, la sivyo hawapati watu. Linganisha barua ya ajira na barua ya ajira. Usilinganishe sheria na sheria.

"Pa bei nafuu hapana uzuri." Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu linawafanya watu wadhani wana njia mbili tu. Duluth, Minnesota, inakaa kwenye mteremko juu ya Ziwa Superior, ambalo kwa eneo linalizidi Ziwa Victoria. Ukisimama pale juu unaona meli za madini zikiingia bandarini, na mawimbi yanapiga mawe kama pwani. Arkansas, ile iliyo chini kabisa kwenye kipimo cha bei, ina milima ya Ozark na mto Buffalo, mto wa kwanza nchini kulindwa kama mto wa taifa, mwaka 1972. Hifadhi ya Great Smoky Mountains, mpakani mwa Tennessee na North Carolina, hupokea wageni wengi kuliko hifadhi yoyote nchini, na haina kiingilio, unalipia maegesho tu. Watu hawapigi video huko kwa wingi kwa sababu milima yake ni ya mviringo na ya kijani, haina theluji ya kung'ara. Mtu aliyekulia Lushoto angejiona nyumbani.

Na hata ndani ya jimbo moja dirisha halina bei moja. Spokane iko Washington hiyohiyo, mashariki, zaidi ya kilomita 400 kutoka Seattle. Kima cha chini cha jimbo ni kilekile, kodi ya mshahara ya jimbo haipo vilevile, na pango liko chini sana kuliko la Seattle. Ninaposikia mtu anasema "nahamia Washington", namuuliza kwanza: Washington ipi?

Tufanye hesabu sasa, maana hapa ndipo dada yule alipotoa daftari. Tarakimu hizi ni za mfano, ila si za mbali na tunazoonyeshana. Wewe weka zako. Msaidizi wa wauguzi, wale tunaowaita CNA, anapata dola 19 kwa saa Des Moines. Saa 40 kwa wiki, ni kama dola 3,293 kwa mwezi kabla ya makato. Kent ameahidiwa dola 24, ambazo ni dola 4,160. Nyongeza ni dola 867. Kwa masikio ni nyingi.

Kwenye nyongeza hiyo serikali ya shirikisho inachukua asilimia 7.65, ambazo ni dola 66, na kodi ya mapato ya asilimia 12, ambazo ni dola 104. Zimebaki 697. Ongeza zile ambazo Iowa ilikuwa inamkata, kama dola 75 kwa mwezi, kwa sababu Washington haitamkata. Tumefika 772. Lakini Washington ina mfuko wake wa matunzo ya uzeeni unaokata asilimia 0.58 ya mshahara wote tangu Julai 2023, kama dola 24, na bado kuna makato madogo ya likizo ya familia ambayo sijayaingiza. Tuseme zimebaki 750.

Pango la vyumba viwili: Des Moines dola 1,100, Kent dola 2,000. Tofauti ni 900. Nyongeza yote imeingia kwenye nyumba, na amepungukiwa dola 150 kila mwezi, kabla hajagusa bima ya gari, petroli wala mtu wa kulea watoto akiwa shifti ya usiku.

Dada alikaa kimya kidogo, kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Na nyumba yenyewe watanipa?" Ni swali la mtu aliyewahi kukataliwa. Wenye nyumba wengi wanataka kipato chako kabla ya makato kiwe mara tatu ya pango. Mara tatu ya 1,100 ni 3,300. Hapa Des Moines anakosa dola saba tu na mtu anaweza kumvumilia. Mara tatu ya 2,000 ni 6,000, naye ana 4,160. Peke yake hapewi. Ataishi na mdogo wake, au atatafuta wa kuchangia naye, au atachukua kazi ya pili. Na akichukua kazi ya pili, huo mlima atautazama saa ngapi?

Hapo ndipo ninapotaka kila mtu asimame kidogo. Mandhari inahesabika. Ukipungukiwa dola 150 kwa mwezi na ukapata nafasi ya kwenda milimani mara mbili, kila safari imekugharimu dola 75 kabla hujaweka mafuta. Ukiwa Iowa, pasi ya mwaka ya hifadhi zote za taifa ni dola 80 kwa gari zima, na mtoto aliye darasa la nne anapewa pasi ya bure kwa mwaka huo wa shule, familia nzima inaingia naye. Kuna familia zinazoona milima mingi zaidi kwa wiki mbili za likizo kuliko wanaoishi chini ya mlima na kupiga shifti mbili.

Lakini sitasema kwamba uzuri wa mahali ni anasa. Mtu aliyezaliwa akiona Kivu kutoka mlangoni, kisha akaishi miaka sita mahali ambapo jicho halipati pa kupumzika, ana njaa ambayo haionekani kwenye bili. Nimeona watu wakipona roho kwa kuhamia karibu na maji. Kilima unachokiona ukitoka kazini saa moja asubuhi hakina nauli wala kiingilio, na siku mbaya kinaweza kukubeba. Ila ni lazima uwe wa kukiona. Jiulize unatoka kazini saa ngapi, dirisha la nyumba utakayoweza kulipa linatazama wapi, na una siku ngapi za mapumziko. Jua lako ni la mwezi gani? Seattle, kuanzia Novemba hadi Februari, wingu linakaa chini, na Desemba jua linazama kabla ya saa kumi na nusu jioni. Wenyeji wana salamu yao siku Rainier, mlima wao mkubwa wa theluji, unapoonekana: wanaambiana mlima umetoka. Kilimanjaro nao hujificha hivyohivyo, mtu wa Moshi anaelewa.

Kuna mambo ya karatasi ambayo nayapitia haraka, ila yanakata. Cheti cha CNA hakikufuati chenyewe. Kila jimbo lina daftari lake, na lazima uombe kuhamishiwa, na kusubiri huko ni wiki bila mshahara. Wauguzi wenye leseni wana mkataba wa majimbo mengi, unaowawezesha kufanya kazi kwa leseni moja, Washington imo tangu 2023, lakini California, Oregon na Hawaii hazimo. Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ya Iowa inaishia mpakani mwa Iowa, unaomba upya, na masharti hayafanani. Texas, Tennessee na Florida hazikupanua Medicaid kwa watu wazima wa kipato cha chini, hivyo mzazi anayefanya kazi anaweza kufika huko akabaki bila bima. Kijana anayekaribia chuo, mwulize kwanza: vyuo vya umma vingi vinataka uwe umeishi kwenye jimbo miezi 12 ndipo ulipe ada ya mwenyeji. Na kwa asiye raia, idara ya uhamiaji lazima ijulishwe anwani mpya ndani ya siku 10. Mwenye kesi mahakamani azungumze na wakili wake kabla hajapakia hata sanduku moja.

Ushauri niliompa dada ulikuwa mmoja. Asihame Juni kwa sababu ya video ya Juni. Aende Februari, akae kwa mdogo wake, apande basi wanalopanda wao, aende dukani na orodha yake ya kawaida, na aulize mapango mwenyewe.

Alienda. Alikaa siku 12, na mlima aliuona siku mbili. Aliporudi alinionyesha picha aliyoipiga kutoka kituo cha basi, saa moja na nusu asubuhi, Rainier mzima una rangi ya waridi nyuma ya nyaya za umeme. Hakuniuliza tena habari za kodi. Alifungua daftari kwenye ukurasa mpya, akaandika Spokane juu yake, akauliza kama huko kuna maji. Nikamwambia mto unapita katikati ya mji, na una maporomoko.